Surua Haitaki Mwanga

Ilianza Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, tukiwa tumekaa darasani Moroni bila mwalimu. Saa naijua kwa sababu mvulana mmoja wa benchi la nyuma alikuwa amevaa saa ya baba yake, na kila alipochoka kukaa kimya aliitangaza kwa sauti ya redio ili tucheke. Mwalimu wetu wa hesabu, Mfaransa, aliondoka na wenzake baada ya uhuru. Aliyeshika nafasi yake, mtu wa kwetu, akaachishwa kazi pamoja na makarani, wauguzi, na karibu kila mtu aliyekuwa na meza ya serikali. Kwa hiyo tulikuwa tunajifundisha wenyewe, maana yake waliojua walinong'ona na wasiojua walilala.

Mlango ukasukumwa, akaingia kijana wa komiti, kamati ya vijana wa mapinduzi. Mwaka uliotangulia alikuwa mwanafunzi kama sisi, madarasa mawili juu yetu. Sasa alikuwa na kofia.

"Mliotoka kisiwa cha Ndzuwani, rudini kwenu," akasema. "Shule za watoto zimefungwa kwa surua. Zikifunguliwa, walimu ni ninyi."

"Na sisi atatufundisha nani?" akauliza yule mwenye saa.

"Mapinduzi."

"Mapinduzi yanajua aljebra?"

Darasa zima lilicheka, hata kijana wa komiti alitaka kucheka, nikamwona anavyoubana mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, surua, na nilikuwa nimemwacha Mutsamudu, huko Ndzuwani, mdogo wangu wa kike wa miaka saba.

Mimi ni mtu wa haya. Nikitajwa jina langu mbele ya watu natamani benchi linimeze. Ndiyo maana naandika. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu mama alizaliwa Unguja, kabla bibi yetu hajarudi Ndzuwani na watoto wake, akatufundisha sisi binti zake lugha yake, ila kaka zangu hawakuitaka. Wakilifungua daftari hili hawaambulii kitu.

Moroni nilikaa kwa mama mdogo, ndani ya vichochoro vya Badjanani, chumba kimoja na ua. Nilipofika nyumbani mchana ule alikuwa ameshapata habari. Abiria mmoja kutoka Mutsamudu alipita kumwambia kwamba nyumbani kwa dada yake kuna mgonjwa, mtoto, yule msomaji.

Msomaji ndiye mdogo wangu. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Alijua herufi kabla ya kupelekwa shule, nilimfundisha mwenyewe kwa mkaa ukutani, nikapigwa kwa ajili ya ule ukuta. Baada ya hapo akawa hasimamishiki. Alisoma makopo ya maziwa, magunia ya mchele, chupa za dawa za vizee wa jirani, na maneno ya mapinduzi yaliyopakwa rangi kwenye kuta, akiyapigia kelele njia nzima kwenda dukani mpaka watu wakadhani katumwa na serikali. Shuleni walimrusha darasa. Mama alisema kwa huyu tutauza mpaka milango ili asome.

Mama mdogo alinikalisha chini. Mwanawe wa kiume alikuwa ameugua surua miezi michache nyuma na akapona, lakini jicho la kushoto liliota utando mweupe na halikurudi tena.

"Sikiliza," akaniambia. "Ukifika, cha kwanza macho. Mimi niliangalia kifua, nikaangalia kinywa, nikaangalia hata choo chake. Macho sikuyaangalia. Nilidhani mekundu tu, yatatulia. Unanisikia? Ukiyaona yanatoa tongo na mtoto hawezi kuyafungua, mtie dawa, usingoje mtu."

"Dawa ipi?"

"Twende tukaitafute."

Hospitali hawakuwa nayo. Tulizunguka soko la Volo Volo, kwenye wauza samaki na wauza nguo, mpaka kwa mtu mmoja aliyepanga dawa kati ya betri na sabuni. Akatoa mrija mmoja wa malhamu ya macho, umekunjwa chini kama uliokwisha kutumiwa kidogo. Mama mdogo alitoa leso mpya, hajaivaa hata siku moja.

"Bweni," akasema yule mtu, akimwita kwa heshima huku akimnyonga kwa bei, "dawa hii imetoka Ulaya."

"Na leso imetoka Bara Hindi. Basi zimekutana njiani, wewe chukua nami nichukue."

Akachukua. Njiani kurudi mama mdogo alisema leso ile aliiweka kwa arusi yangu. Niliushika mrija kwa mikono miwili.

Bandari ya Moroni ni ndogo, meli za maana zinatia nanga mbali, kwa hiyo nilipelekwa kwa mashua hadi kwenye meli ya mizigo. Nilitapika njia nzima. Nilipoteremka Mutsamudu niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona mjini kwetu: vichochoro havina mtoto hata mmoja. Kwenye shule ya msingi kulikuwa na familia zimetandika mikeka madarasani, watu wetu waliofukuzwa Madagaska, na moshi wa kupikia ulitoka madirishani. Watu walisema wao ndio walioleta ugonjwa. Lakini watoto wao nao walikuwa wanakufa, nilimwona mwanamke pale akifua nguo ndogo ndogo zote kwa pamoja, na hakuna mtoto karibu yake.

Nyumbani nilimkuta Koko, bibi yetu mzaa mama, amekaa kizingitini na shiromani yake nyekundu, nguo ya kujitanda, imemfunika mpaka usoni. Nikapiga magoti nikampa kwezi, salamu ya mdogo kwa mkubwa. Akanishika kichwa.

"Vua viatu," akasema. "Ndani tuna mgeni."

Mgeni ni surua. Kwetu haitajwi jina ikiwa ndani ya nyumba. Inakaribishwa kama mgeni mkali: hapigwi kelele, hafagiliwi, hapikiwi samaki, mtoto haogeshwi, na chumba hutiwa giza mpaka mgeni achoke aondoke kwa hiari yake. Surua haitaki mwanga. Hata mimi nilipougua nilifungiwa hivyo, na nilipona, na mama alifungiwa hivyo akapona. Koko alilea watoto wengi katika nyumba ile, na nyumba ni yake, kama nyumba zote za kwetu zilivyo za wanawake.

Lakini safari hii dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari.

Mama alininong'onezea jikoni kilichotokea. Wiki iliyopita vijana wa komiti walipita mtaani na fimbo wakigonga madirisha. "Fungueni, vizee! Mnaua watoto kwa giza na uchawi wenu!" Koko alitoka kuwajibu. Mmoja wao, kijana ambaye Koko mwenyewe alimpokea siku aliyozaliwa, akamvuta shiromani ikamtoka kichwani, wakamwacha katikati ya njia na nywele zake nyeupe nje, watu wanatazama. Koko aliingia ndani, akatafuta nyundo.

"Tangu siku hiyo hasikii neno," mama akasema. "Nami siwezi kumwambia. Wewe nawe usimwambie. Nakujua huwezi."

Niliingia chumbani kwa kupapasa. Joto lilinipiga usoni, na harufu ya jasho na udi. Sikuona hata mkono wangu.

"Nani?"

"Mimi."

"Dada! Umeniletea nini cha kusoma?"

Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama ya mzee, lakini ni yeye. Nikacheka, nikalia pia kidogo, giza lilinisitiri. Nilimshika uso. Ulikuwa wa moto, ngozi ina vipele, na kope zilikuwa zimeshikana kwa utando mkavu.

Basi nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilitoka, nikasimama mbele ya Koko, nikasema kwa sauti, na wanawake wawili wa jirani wapo: "Koko, kwa idhini yako. Mama mdogo amenituma. Anasema tufungue dirisha kidogo tu, tuyaone macho yake. Au niwashe kibatari, mara moja nizime."

Wale jirani walitazamana. Koko hakuinua hata sauti.

"Moroni ndiko mlikosomeshwa hayo?"

"Hapana, Koko, ni mama mdogo. Mwanawe jicho..."

"Mwanangu ninamjua. Tangu mdogo ana kiherehere." Akanikazia macho. "Nawe umeingia komiti?"

"Sijaingia."

"Mbona unasema maneno yao? Fungua dirisha, fungua dirisha. Walikuja kwa fimbo wakashindwa, sasa wananitumia damu yangu."

Jirani mmoja akasema, "Mtoto wa watu hajui, msamehe," na mwingine akaongeza kwamba wasichana wa sekondari siku hizi wanarudi na ndimi ndefu kuliko kanzu. Wakacheka. Uso uliniwaka. Lakini sikuondoka. Nilitoa ule mrija nikauweka mkononi mwa Koko na kumwambia kwamba mama mdogo aliutolea leso yake. Aliugeuza geuza, akaunusa.

"Hii mtie," akasema mwisho. "Dawa ni dawa. Ila gizani."

Basi nikaitia gizani. Nililainisha kope kwa maji ya uvuguvugu, nikazifungua kwa kidole, nikakamua malhamu pale nilipodhani ni jicho. Asubuhi na jioni. Sikuwahi kuona nilichokuwa nikikitibu. Siku ya kwanza mdogo wangu alipiga makelele, baadaye akazoea, akawa analalamika tu kwamba inanata kama asali na wala haina utamu.

Homa ilipungua. Akaanza kutaka kula, kwanza uji, halafu shelisheli ya kuchoma, akamtukana paka wa jirani aliyekuwa anapita darini, tukajua anapona. Mchana nilikaa naye tukicheza mchezo wetu: naandika herufi kwenye kiganja chake kwa kidole, yeye anaitaja. Alishinda kila mara. Nikiandika neno refu analimaliza kabla yangu. "Dada, mikono yako ina makosa ya spelingi," aliniambia.

Kila siku nilimuuliza, "Unaona kitu?"

"Naona giza. Wewe unaona nini?"

Nami pia nilikuwa naona giza. 

Nje, mtaa ulikuwa unahesabu wafu wake kimyakimya. Mtoto wa fundi viatu alikufa. Pacha wa nyumba ya kona walikufa mmoja baada ya mwingine, hitima yao ikasomwa pamoja. Kila jioni mama aliingia akamgusa mdogo wangu kifuani, akasema alhamdulillahi, akatoka. Tulikuwa tumebahatika, kila mtu alisema hivyo, nami niliamini, ila usiku nilikuwa nikiota lile jicho la Moroni.

Jumapili ya pili tangu nifike, Koko alitangaza kwamba mgeni ameondoka. Vipele vilikuwa vimekauka na kubambuka. Siku ya kumtoa mgeni kwetu ni kama sikukuu ndogo. Wanawake waliamka wakachemsha maji na majani, mdogo wangu akaogeshwa palepale chumbani, gizani, akapakwa msindzano usoni, ule msandali wa kusagwa, akavalishwa gauni la njano. Mama alioka mkate wa sinia. Watoto wa mtaa waliopona waliitwa, wakaja wembamba na macho makubwa, wakapanga foleni mlangoni kungoja vipande vyao. Koko mwenyewe alichukua nyundo akang'oa misumari, mmoja mmoja, akakataa kusaidiwa.

Dirisha likafunguka. Mwanga uliingia wote kwa mpigo, hata mimi nikaziba macho, nikasikia wanawake wakipiga vigelegele.

Nilipofungua macho nilimwona mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Alikuwa amekaa katikati ya mkeka, miguu kaikunja, na msindzano umekauka vizuri mashavuni. Macho yake yalikuwa wazi. Yote mawili yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.

"Basi fungueni," akasema. "Mnanisikizisha misumari tu."

Watu wakacheka. "Huyu na mizaha yake!" akasema jirani. "Ugonjwa haukumpunguza ulimi." Akamnyooshea kipande cha mkate. Mkono wa mdogo wangu haukwenda kwenye mkate. Ulikwenda pembeni, ukapapasa hewa, ukashika goti la yule mwanamke.

Kicheko kilikufa kidogo kidogo, kuanzia kwa waliokuwa karibu. Watoto wa mlangoni waliendelea kusukumana maana hawakuelewa.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Dada? Wamefungua?"

Nilisema ndiyo. Nilisema tu ndiyo.

Mama alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mtoto wa miaka saba, miguu inaning'inia. Mimi nilifuata na Koko alifuata nyuma yangu, sijapata kumwona akitembea haraka vile. Hakukuwa na daktari. Kulikuwa na kijana mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Nilimtambua, tulikuwa naye Moroni. Alimulika macho kwa tochi, jicho hili, halafu lile, akarudia. 

"Mlimtia nini?"

Nilimwonyesha mrija.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Hata hapa hatuna."

"Sasa mtampa nini?" mama akauliza.

 Alizima tochi akaiwasha tena kama vile tatizo ni la tochi. "Ile nyeusi ya jicho imeliwa," akasema polepole. "Nadhani imeliwa. Mama, nisikudanganye, mwaka jana nilikuwa darasani. Walionifundisha kazi hii walinifundisha kudunga sindano, basi."

"Kama tungefungua dirisha mapema?" Koko ndiye aliyeuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, shiromani kaikaza kidevuni.

Kijana alimtazama, akanitazama mimi. Nadhani angekuwa yule wa fimbo angemjibu kwa furaha. "Sijui, Koko," akasema. "Wallahi sijui. Labda mngeona mapema. Lakini mngemleta wapi?"

Jioni ile kijana wa komiti wa mtaa wetu alikuja kutangaza kwamba waliokaa shuleni wamehamishwa na kesho shule inafunguliwa. Jina langu lilikuwa limeshasomwa Moroni: nitafundisha darasa la pili. Ndilo darasa la mdogo wangu. Nilimfuata mpaka nje. Mara ya pili katika maisha yangu nilisema na mtu bila kutazama chini, nikamuuliza kama nitakuja na mdogo wangu.

"Shule ya mapinduzi ni ya wote," akajibu haraka. Kisha akasita, akavua kofia, akakuna kichwa, akawa tu mtoto wa mtaa. "Lakini atasoma nini, dada? Vitabu vyenyewe hivi vyenye macho havina." Alitaka kusema hata wenye macho hawana vitabu, akachanganya maneno, akaona haya, akaenda zake.

Mama alikataa kabisa. Alisema watamkanyaga, watamcheka, ataanguka mtoni. Koko alikuwa amekaa mbele ya dirisha lililo wazi, akimpangusa mdogo wangu mabaki ya msindzano kwa kitambaa kilicholowa, polepole, kuzunguka macho bila kuyagusa.

Asubuhi yake niliamka nikamkuta mdogo wangu ameshaamka. Alikuwa amevaa gauni lake la shule mwenyewe kwa kupapasa, vifungo vimepishana, kimoja kimebaki juu bila tundu. Alikuwa amekaa karibu na mlango na miguu ameinawisha.

"Nimesikia wanapita," akasema. "Twende, tutachelewa."

Nilimwambia leo haendi.

"Kesho?"

Nilichuchumaa mbele yake, nikafungua vile vifungo. Hakunizuia. Aliinua mikono juu mwenyewe ili nimvue, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo zaidi, na gauni lilipompita kichwani alibaki na mikono juu, akingoja nimvalishe jingine. Nilimvalisha lile la njano la jana. Nikamkalisha karibu na Koko, nikamtia mkononi kabisa kipande cha mkate uliobaki, mpaka vidole vikakishika.

Gauni la shule nilipita nalo nyumba ya pili, kwa mtoto aliyekuwa hana. Lilimkaa vizuri. Akanishika mkono tukaenda naye shuleni, na njiani alikuwa akinitajia ni nani na nani hawatakuja.